Kumwandaa Mtoto wa Shule kwa Upasuaji wa Tumbo: Somo la Muuguzi na Sehemu ya Mwalimu

Mwalimu mwanafunzi anayepelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Shinyanga, Kahama au Geita hujiandaa kwa mengi: azimio la kazi, maandalio ya masomo, zana, na namna ya kulitawala darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Aghalabu hajiandai kwa siku ambayo mzazi atasimama mlangoni, karatasi ya hospitali mkononi, na kusema kwamba mtoto wake anakwenda kupasuliwa tumbo. Siku hiyo huja. Sisi tunaoandika makala haya ilitujia mapema, nasi tukaikosea.

Alikuwa mvulana wa darasa la nne. Alikuwa ametibiwa uvimbe wa kidole tumbo kwa dawa, akapona, na waganga wakampangia tarehe ya kurudi ili kidole hicho kiondolewe kabla hakijamletea shida ya pili. Tulikuwa na majuma sita mazima ya kumwandaa. Tulichofanya ni kumwita mbele ya wenzake siku ya mwisho na kumwambia: “Usiogope. Utalala kidogo tu, wala hutasikia maumivu yo yote.” Darasa likampigia makofi. Mtoto akaenda, akafanyiwa kazi, akazinduka akiwa na maumivu makali. Hapo akafikia hukumu iliyo sahihi kabisa kwa akili ya mtoto: wakubwa wamenidanganya. Muuguzi alipomwambia avute pumzi kwa nguvu, akohoe, aketi kitandani, maana ndiyo dawa ya mapafu yake, alikataa. Siku ya tatu homa ikapanda, kifua kikajaa makohozi, na siku zake za wodini zikawa nyingi kuliko zilizokusudiwa. Aliporudi shuleni alisema neno moja tu: “Mwalimu, ulisema sitaumia.”

Yafuatayo ni mambo tuliyoyatafuta baada ya neno lile, kwa kusoma na kwa kuketi na wauguzi.

MUUGUZI NAYE NI MWALIMU

Maandalizi ya mgonjwa kabla ya upasuaji yana pande mbili. Upande mmoja ni wa mwili: kumpima damu, kumwogesha, kumzuia kula, kumtilia maji ya mshipani. Upande wa pili ni wa mafunzo, yaani kumweleza mgonjwa mambo yatakayompata na kumzoeza kazi atakayotakiwa kuifanya yeye mwenyewe baadaye. Huu wa pili ndio unaotuhusu, kwa kuwa ni ualimu mtupu. Muuguzi ana shabaha, ana zana, huanzia kwenye kile mtoto anachokijua, huonyesha, humfanyisha mazoezi, kisha humwuliza ili ajue kama ameelewa. Kinachokosekana ni kengele tu.

Ieleweke kwanza kwa nini mafunzo hayo si adabu tu bali ni tiba. Mtu aliyeshonwa tumbo huumia kila anapovuta pumzi, kwa hiyo huvuta pumzi fupi fupi. Pumzi fupi hazifiki sehemu za chini za mapafu. Makohozi hutuama huko, na vijidudu hupata makao. Anapolala bila kugeuka, damu nayo huenda polepole miguuni na matumbo huchelewa kuanza kazi. Basi mgonjwa huamriwa kufanya yale yale anayoyaogopa: kuvuta pumzi ndefu, kukohoa, kugeuka, kuketi, na mara nyingi kutembea siku inayofuata. Mtu mzima huweza kusadikishwa papo hapo. Mtoto asiyejua sababu, tena aliyekwisha kudanganywa mara moja, hatasadiki.

Fikra kwamba mgonjwa afundishwe kabla ya kisu haikuwapo siku zote. Mwaka 1952 huko Uingereza, James Robertson alitoa filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyeitwa Laura, ambaye alilazwa siku nane ili atengenezwe ngiri ya kitovu, bila mama yake kukaa naye. Kilichowastua watazamaji hakikuwa kilio, bali jinsi mtoto alivyojizuia na kunyamaza. Mwaka 1959 kamati ya serikali iliyoongozwa na Sir Harry Platt ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao wodini na watoto waandaliwe kabla ya kulazwa. Katika jambo la kukaa na mtoto hatukuwa na haja ya kufundishwa na kamati; katika wodi zetu mama au bibi hukaa kando ya kitanda, humwosha mtoto na kumlisha. Lakini kukaa naye ni jambo moja, na kumweleza ni jambo jingine.

Uthibitisho ulio karibu zaidi na somo letu ulitoka Boston, Marekani, mwaka 1964. Daktari Lawrence Egbert na wenzake walichukua wagonjwa 97 waliokuwa wakipasuliwa tumbo. Sehemu moja ya wagonjwa hao walielezwa tangu jioni iliyotangulia maumivu yatakuwa wapi, yatakuwa ya namna gani, kwamba ni ya kawaida, na jinsi ya kulegeza misuli na kugeuka. Wengine hawakuelezwa. Walioelezwa walihitaji kiasi cha nusu tu ya dawa kali za kutuliza maumivu, na kwa wastani walikuwa tayari kurudi nyumbani siku 2.7 mapema. Hao walikuwa watu wazima; lakini mwaka 1975 Madelon Visintainer na John Wolfer, ambao nao walifanya kazi Marekani, walionyesha kwa watoto waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa koo kwamba walioandaliwa hatua kwa hatua walifadhaika kidogo zaidi na kushirikiana vyema zaidi na wauguzi kuliko wasioandaliwa. Jambo la kuangaliwa na mwalimu ni hili: wagonjwa wa Boston hawakuambiwa kwamba hawataumia. Waliambiwa kwamba wataumia, mahali gani, na la kufanya.

KWA NINI KAZI HII IMFIKIE MWALIMU WA SHULE YA MSINGI

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa muuguzi ni mwalimu, sisi tunaingiaje? Jibu liko katika jiografia na katika aina ya magonjwa yetu.

Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima jijini Mwanza, kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kimbilio la Kanda ya Ziwa yote kwa upasuaji mgumu. Mgonjwa wa Geita aliyepelekwa huko alisubiri kivuko kati ya Busisi na Kigongo, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2025. Mkoa wa Geita wenyewe ulianzishwa mwaka 2012. Siku hizi hospitali za mikoa, na ile ya kanda iliyoko Chato, zimepunguza safari hizo, lakini hazijaziondoa. Mtoto wa kijiji cha Kishapu au wa kambi ya wachimbaji karibu na Rwamgasa hufika wodini amechoka, amefunikwa vumbi, na pengine amefika jioni ili apasuliwe asubuhi. Muuguzi mmoja ana vitanda vingi. Tena huenda mtoto huyo lugha yake ya nyumbani ni Kisukuma na Kiswahili anakijua cha darasani tu, naye muuguzi ametoka mkoa mwingine. Muda alio nao muuguzi wa kumfundisha hauzidi kipindi kimoja.

La pili lina uzito zaidi. Upasuaji wa kupangiwa tarehe, kama wa ngiri, hutoa nafasi. Lakini mara nyingi tumbo la mtoto hufunguliwa kwa dharura: kidole tumbo kilichopasuka, utumbo uliojisokota au uliozibwa na fundo la minyoo, ngiri iliyonasa, au utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo. Hii ya mwisho ni adui mkubwa panapokosekana maji safi na vyoo, na ye yote aliyeona makambi ya machimbo yanavyoota kwa mwezi mmoja pale dhahabu inaposikika anajua hali ya vyoo vyake. Mwaka 2012 madaktari wa Bugando walitoa taarifa ya wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na homa hiyo, watoto wakiwamo. Zaidi ya mmoja katika kila watano alifariki. Kuchelewa kufika ni moja ya mambo yanayoua katika ugonjwa huu.

Katika dharura hakuna majuma sita ya maandalizi. Hakuna hata jioni moja. Basi mtoto ambaye hajaandaliwa kabla hajaugua, hataandaliwa kamwe. Ndiyo maana tunasema kwamba sehemu kubwa ya somo hili haina budi kufundishwa darasani, kwa watoto wote, wakiwa wazima, ndani ya somo la sayansi pale mada ya mmeng’enyo wa chakula inapofundishwa. Pia mtoto anayejua hospitali inafanya nini hafichi maumivu. Wapo wanaoyaficha siku mbili au tatu kwa hofu ya kisu, na siku hizo ndizo zinazowaua.

AKILI YA MTOTO NA MANENO YETU

Jean Piaget alitufundisha kwamba mtoto wa miaka saba hadi kumi na mmoja au zaidi kidogo huweza kufuata sababu na matokeo, almuradi yawe juu ya vitu anavyoviona na kuvishika. Umri huu hupenda kujua “inafanyaje kazi”. Hauridhiki na bembelezo. Kadhalika mtoto wa umri huu huogopa mambo ambayo mdogo wake hayaogopi: kuvuliwa nguo mbele ya watu, kulia mbele ya wenzake, kuachwa nyuma katika masomo, kuzinduka kisu kikiwa bado kazini, au kutozinduka kabisa.

Hapa lugha yetu inahitaji uangalifu. Tunasema “kupasuliwa tumbo” bila kufikiri. Mtoto wa Geita ameona sato akipasuliwa kwa ajili ya kukaushwa. Ameona kuni zikipasuliwa, na tikitimaji. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichokiona kikirudishwa kama kilivyokuwa. Hatusemi neno hilo lifutwe, maana atalisikia tu getini, wodini na kwa jirani. Lakini likisemwa, lifuatwe mara moja na la pili: hupasuliwa na hushonwa. Fundi cherehani ni mfano mwema, kwa kuwa hufumua mshono, hurekebisha ndani, kisha hushona tena.

Neno “kulala” ni baya zaidi. Tunalitumia kwa usingizi na tunalitumia kwa mauti. Mtoto aliyemzika babu yake na kuambiwa kwamba babu amelala, akiambiwa naye atalazwa kwa sindano, tusishangae akikimbia. Afadhali kusema “nusukaputi”, au “usingizi wa dawa”, kisha kuutofautisha: usingizi wa usiku ukiguswa unaamka, huu hauamki ukiguswa, ndiyo maana husikii kisu, tena yuko mtaalamu ambaye kazi yake yote ni kuketi kichwani pako, kuangalia pumzi na mapigo ya moyo tangu mwanzo hadi mwisho, na kukuzindua kazi ikiisha.

Katika shule za machimboni tumewahi kutumia mfano wa duara. Watoto wote wanajua kwamba mchimbaji akiteremka shimoni, yuko mtu juu anayeshika kamba, na mtu huyo haondoki hata akiitwa kula. Mganga wa usingizi ndiye mshika kamba. Watoto huelewa mara moja. Hata hivyo mwalimu aulize kwanza, kwa siri na kwa upole, kama darasani hayumo mtoto ambaye ndugu yake alifukiwa na kifusi. Akiwamo, mfano huo uachwe.

Kuna hofu nyingine ambayo mwalimu mgeni katika mikoa hii aweza kuicheka kwa kutojua. Hasa kuanzia mwaka 2007, katika Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino waliwindwa, wakauawa na kukatwa viungo kwa imani ya uongo kwamba viungo hivyo huleta utajiri, machimboni na kwingineko. Watoto wengi walipelekwa kuhifadhiwa katika shule ya Buhangija mjini Shinyanga. Mtoto aliyekua akisikia habari hizo, awe na ualbino au asiwe nao, anapoambiwa kwamba “watatoa kitu tumboni mwako” ana haki ya kuuliza kitu hicho kitakwenda wapi. Ajibiwe waziwazi: kilichooza huteketezwa au huzikwa katika shimo la hospitali, au kipande chake hupelekwa maabara kuchunguzwa, na mzazi aweza kumwuliza daktari akakiona.

SOMO LENYEWE DARASANI

Tumelifundisha somo hili katika darasa la nne na la tano kwa vipindi viwili. Zana zake hazigharimu kitu: kamba ya katani yenye urefu wa meta sita, mwanasesere wa kitambaa aliyejazwa pamba ya shambani, sindano na uzi, kipande cha bendeji, mabua ya majani ya mpapai, na maji ya sabuni.

Kipindi cha kwanza mtoto mmoja hulala juu ya mkeka au juu ya magazeti yaliyounganishwa, na wenzake humchora mzunguko wa mwili wake kwa mkaa. Darasa linaulizwa: chakula kikishamezwa kinakwenda wapi? Tuyapokee majibu yote. Katika shule moja tulioneshwa kwamba moyo uko tumboni na kwamba minyoo ina nyumba yake maalum iliyojengwa na Mungu. Kisha tumbo, ini na kidole tumbo huchorwa mahali pake, na kamba inatolewa. Watoto hushangaa sana kuambiwa kwamba utumbo mwembamba wa mtu mzima hufikia kiasi cha meta sita, na hushangaa zaidi wanapopewa kazi ya kuikunja kamba yote ienee ndani ya mchoro. Katika kuikunja, wataisokota. Hapo mwalimu hana haja ya kueleza kwa maneno mengi utumbo uliojisokota ni nini. Aibane kamba kwa kidole na kuuliza chakula kitapitaje. Watajibu wenyewe kwamba kitarudi juu, na mgonjwa atatapika.

Kipindi hicho kiishie kwenye dalili ambazo mtoto asizifiche hata kwa saa moja: maumivu ya tumbo yanayozidi tu wala hayaachii; yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini upande wa kulia; tumbo lililokuwa gumu kama ubao; matapishi ya kijani; kukosa choo na upepo; uvimbe wa kinenani uliozoea kurudi ndani na sasa haurudi, nao unauma; na maumivu ya ghafla kwa mtu aliyekuwa na homa ya siku nyingi. Mtoto wa namna hiyo hasuguliwi tumbo, hachanjwi chale, hapewi dawa ya kuharisha, wala halishwi. Hupelekwa hospitali. Mwalimu aseme haya bila kumtukana mganga wa kienyeji, ambaye huenda ni babu wa mtoto aliyeketi dawati la mbele.

Kipindi cha pili ni cha hospitali. Mwanasesere huwa mgonjwa, na watoto huwa wauguzi, mganga wa usingizi, daktari mpasuaji na mama. Tufuate mpangilio wa kile mtoto atakachokiona, atakachokisikia na atakachokihisi, kwa zamu yake. Atavuliwa nguo na kuvikwa gauni la hospitali. Atachomwa sindano mkononi. Itauma kama mwiba, kisha mrija mdogo utabaki na maji yatadondoka kutoka kwenye chupa. Atasukumwa juu ya kitanda chenye magurudumu na kuona dari ikipita. Mama ataachwa mlangoni. Chumba kitakuwa na baridi na taa kubwa, na watu wamefunika midomo. Si kwa ajili ya kuficha sura, bali ili pumzi zao zisimwagie vijidudu juu ya kidonda. Atavuta hewa ya dawa au atatiwa dawa mshipani. Kisha hatajua kitu. Atakapozinduka koo litamkereketa, tumbo litamwuma mahali palipofungwa bendeji, na huenda akawa na mpira mwembamba puani unaotoa maji ya tumbo. Atakuwa na kiu, wala hatapewa maji mpaka aruhusiwe.

Darasani neno “litauma” hufuatwa na kimya. Mwalimu asikimbilie kukijaza. Baada ya kitambo aseme lile linalofuata: dawa ya maumivu ipo, naye mgonjwa ana kazi ya kumwambia muuguzi. Tumewazoeza watoto kutumia kokoto tano: moja ni maumivu kidogo, tano ni makali kupita yote. Mtoto asiyejua kusema “inasokota” au “inachoma” kwa Kiswahili huweza kuonyesha kokoto nne.

Mwisho wa kipindi ni mazoezi, na ndiyo sehemu wanayoipenda. Bua la jani la mpapai lina uwazi ndani. Likichovywa katika maji ya sabuni na kupulizwa taratibu hutoa mapovu makubwa, na mapovu hayatoki ila kwa pumzi ndefu iliyovutwa kutoka chini. Hilo ndilo zoezi la mapafu. Kisha kila mmoja akunje sweta au khanga, aikandamize tumboni kwa mikono miwili, na kukohoa mara mbili. Hivyo ndivyo mgonjwa anavyoushika mshono wake ili usivute. Halafu wajifunze kuamka kitandani kwa kugeukia ubavu kwanza na kujisukuma kwa mkono, si kwa kunyanyuka moja kwa moja. Tukiwaambia kwamba wodini kutoa upepo ni habari njema inayotangazwa kwa daktari, darasa lote hucheka, nasi huwaacha wacheke. Ni kweli, maana ni dalili kwamba utumbo umeanza tena kazi.

MTOTO ALIYEPANGIWA TAREHE

Huyu apewe mazungumzo yake mwenyewe, si mbele ya wenzake kama tulivyofanya sisi. Kwa mtoto wa shule, juma moja kabla ya safari latosha. Mapema mno humpa majuma ya kukosa usingizi, na siku ya mwisho humnyima nafasi ya kuuliza. Mzazi awepo, maana hofu ya mama huhamia kwa mtoto haraka kuliko maneno ya mwalimu. Aanze mtoto kusema anachokijua. Mara nyingi tumekuta mtoto ameambiwa na kaka zake mambo ambayo hakuna hospitali iliyowahi kuyafanya.

Mambo ya mwili yaachiwe hospitali, lakini mwalimu aweza kulisisitiza moja, la kufunga chakula. Kwa kawaida chakula husimamishwa saa sita kabla ya nusukaputi na maji matupu saa mbili, ila amri ya hospitali ndiyo inayofuatwa. Bibi mwenye huruma humpa mjukuu uji alfajiri kwa siri, “asife njaa”. Elezeni sababu: mtu aliye katika nusukaputi akitapika hawezi kujizuia, na uji huingia mapafuni. Bibi aliyeelezwa hivyo hulinda mdomo wa mtoto kuliko askari.

Jingine ni hirizi au shanga za kiunoni. Chumba cha upasuaji hakiruhusu vitu hivyo mwilini, na tumesikia mabishano mlangoni ambayo humwingiza mtoto ndani akiwa analia. Jambo hili lizungumzwe nyumbani, siku kadhaa kabla, na ikubaliwe kwamba mama ndiye atakayevishika mpaka mtoto arudi wodini.

Muuguzi naye hufurahi kupata barua fupi ya mwalimu: mtoto anasema lugha gani, anapenda nini, anaogopa nini hasa, amekwisha kufundishwa zoezi lipi. Mistari minne yatosha. Humwokolea dakika ambazo hana.

Mtoto akiwa huko, katika mahudhurio aandikwe mgonjwa, si mtoro, na wenzake wamwandikie. Mtoto wa umri huu huhofia kusahauliwa. Akirudi, asitakiwe kuonyesha kovu ila akipenda mwenyewe, na wengi hupenda. Muda wa kutobeba mizigo huandikwa na hospitali, na baada ya tumbo kufunguliwa mara nyingi ni majuma manne hadi sita. Kwa shule zetu hilo lina maana mahususi: asitumwe ndoo ya maji, asilime bustani ya shule, asisukume madawati, wala asicheze mpira hata akiomba. Sisi tulimpa mvulana wetu kazi ya kupiga kengele. Mwaka uliofuata msichana wa darasa la tatu alipopangiwa upasuaji, tulimwomba yeye azungumze naye. Alimwambia kwamba itauma, kwamba siku ya pili inauma kuliko ya kwanza, na kwamba sweta ndilo linalosaidia. Kisha akamwonyesha jinsi ya kulishika.